Broka amekuambia usiongee na wanakijiji? Soma hii kabla hujatuma pesa

Wewe uliyeandika jana kwamba uko Nakuru, umepata robo eka karibu na Chavakali, Vihiga, broka amekuonya usijionyeshe kijijini mpaka karatasi ziwe tayari "kwa sababu wakijua kuna mnunuzi wa nje watapandisha bei", na Ijumaa unatuma arubuni: usitume. Nimesoma maswali yako ya miparachichi, ya kuchimba kisima, na la kama watu watakupokea bila kujua lugha yao. Hayo yatangoja. Maneno ya huyo broka ndiyo yamenifanya niandike, maana niliambiwa hayo hayo, nami nikitokea Nakuru kama wewe.

Ploti yangu ilikuwa upande wa Khayega, Kakamega. Broka alinipeleka mwezi wa Juni, mahindi yamesimama kumpita mtu mzima. Tulifika jua likizama. Akanipitisha ukingoni, akanionyesha mikonge upande huu na mti wa lusiola upande ule, akasema mipaka ndiyo hiyo, twende kabla giza halijaingia. Muuzaji alitungojea kwenye hoteli ya sokoni. Nyumbani kwake hatukukaribishwa, na hilo peke yake lingetosha kumfukuza mnunuzi yeyote. Mtu anayeuza ardhi yake kwa haki hukupeleka bomani kwake, ukanywa chai, ukaonana na mkewe na mama yake. Huyu alitaka tumalizane pale pale juu ya meza ya chapati.

Hati ilikuwa kwa jina la marehemu baba yake. Broka akasema mirathi ni mambo ya karatasi tu, yatafuata. Dada zake wameolewa, hawahesabiwi. Kaka yake alishafariki, kwa hiyo amebaki yeye. Mkataba ukaandikwa Kakamega mjini. Mashahidi walikuwa broka mwenyewe na rafiki yake. Nikalipa sehemu kubwa ya bei.

Septemba nikarudi na fundi, nguzo na waya. Mahindi yalikuwa yamevunwa, shamba liko wazi. Katikati ya ile ploti palikuwa na kaburi lililosakafiwa kwa saruji, na mama mmoja anapalilia maharagwe kando yake. Lilikuwa kaburi la mumewe, yule kaka "aliyeshafariki". Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu kwa Kiswahili safi, "Karibu, unamtafuta nani?"

Tafadhali usipite haraka hapa. Mama yule amelima kipande kile tangu aolewe. Watoto wake wamelishwa na udongo ule. Shemeji yake aliuza bila kumwambia, akipanga mama ajue siku atakapoona waya, na mtu aliyekuja na waya ni mimi. Huku magharibi, kwa Waluhya na kwa Wajaluo pia, mtu huzikwa kwenye boma lake, na kaburi lina uzito ambao mkataba wa Kakamega mjini hauwezi kuupindua. Ukinunua penye kaburi la watu umenunua kesi, na ni kesi utakayowaachia watoto wako.

Fundi alikuwa ameshachimba mashimo mawili. Watu wakaanza kukusanyika barabarani, kisha wakaingia shambani, na nikasikia sauti zikipanda. Mzee wa mtaa ndiye aliyetutoa pale salama. Siku ya kikao kwa chifu nikagundua jambo lililoniuma kuliko pesa: wote walijua. Wazee, akina mama wa kanisa, hata vijana wa bodaboda, walijua tangu Juni kwamba ardhi ile ina ugomvi. Nikamuuliza mzee wa mpakani, "Baba, mbona hamkuniambia?" Akanijibu bila hasira: "Wewe ulimuuliza nani? Ulipita hapa jioni na gari, vioo umefunga. Tulipomwona yule kijana broka tukajua wewe ni mtu wake. Ungebisha hapa kwangu ningekupa kiti, na ningekuambia."

Kile kikao kilinifundisha jinsi kijiji kinavyomweka mgeni. Anayeingia kwa hodi ni mgeni wa kila mtu, na ni aibu kwa mtaa mzima akidhulumiwa machoni pao. Anayeingia kwa broka ni wa broka. Yakimharibikia, anaambiwa arudi kwa aliyemleta. Si chuki, na wala si ukabila kama wengine humu wanavyopenda kusema kila mara. Boma la pili kutoka pale anaishi mwalimu mmoja Mkamba. Yeye alinunua kwa ndugu walioketi wote, dada wakaitwa kutoka Bungoma na Eldoret, wakabishana bei siku nzima, kisha kuku akachinjwa. Leo akisafiri, majirani ndio wanaomchungia ng'ombe, na kukiwa na matanga yeye ndiye anayeandika michango. Lugha yao anaibananga vibaya na wanamcheka usoni kwa mapenzi.

Kwa hiyo broka anayekuambia ujifiche anakunyang'anya ulinzi pekee ambao mgeni anao. Nasema hivi nikiwa na uchungu bado. Mabroka wanajua vizuri kwamba mazungumzo ya dakika kumi na jirani yangevunja biashara yao. Bei kupanda ni kisingizio. Hata ingepanda maradufu ningekuwa nimeokoa pesa. Na Vihiga unakotaka kununua wewe, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba. Ardhi ya hapo imegawanywa na kugawanywa tena kati ya wana na wajukuu. Ukionyeshwa robo eka "isiyo na mwenyewe", jua kuna mtu hajaambiwa.

Sheria nayo iko upande wa mama yule, si wa broka. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imetumika tangu 1981 na haimfuti binti kwa sababu ameolewa. Kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa chini ya kifungu cha 45, na ardhi yake haiwezi kuuzwa kabla hati ya usimamizi, ile mahakama inayompa msimamizi wa mali ya marehemu, haijathibitishwa. Shamba la kilimo pia linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yafikishwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili. Pesa zako sheria inazihesabu kuwa deni unaloweza kudai. Mimi nadai mpaka leo. Muuzaji alishanunua mabati na pikipiki, ananilipa vijisehemu kila anapovuna.

Kuna watakaosema fanya sachi tu, yaani ukague rekodi ya hati kwenye ofisi ya ardhi, ajiri wakili, inatosha. Fanya, ndiyo. Lakini sachi itakuonyesha jina la marehemu na isikuonyeshe mjane. Haitakuambia dada yupi ameachika akarudi nyumbani na kujengewa kibanda pale nyuma, wala kijana gani yuko Mombasa akijua sehemu ile ni yake. Hayo anayajua jirani. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2. Hodi ni bure.

Jumamosi panda gari peke yako, usimwambie broka. Shuka Chavakali asubuhi, chukua bodaboda hadi pale, na ushuke kabla hujafika, utembee. Mtafute mzee wa mtaa kwanza, mwambie jina lako, kwenu ni wapi, na kwamba unafikiria kununua kwa fulani. Kisha pita kwa kila anayepakana na ile ploti, pande zote. Keti. Ukipewa chai kunywa. Waulize kina nani wamezaliwa katika boma lile, nani ameolewa hapo, nani amezikwa wapi, na nani analima kipande hicho sasa hivi. Kisha omba kumwona mama wa boma mwenyewe, aliye hai, na useme mbele yake kwamba umeambiwa inauzwa. Mwangalie usoni anapokujibu.

Muuzaji akikasirika kwamba umepita kwa majirani, rudi Nakuru na pesa zako. Asipokasirika, andika hapa walichokuambia, tukusaidie kujua nani anapaswa kuketi mezani siku ya mkataba.