Alama Saba za Samira

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Unaniuliza kama kuna nchi ya Afrika iliyowahi kuimba Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, maana wenzako wa kazini huko Uswidi wameshikilia kwamba haijatokea, nawe ukakosa la kuwajibu. Waambie imetokea. Ni Morocco, mwaka 1980, mjini The Hague, Uholanzi. Aliyepanda jukwaani ni binti wa miaka 22 kutoka Rabat, Samira Bensaïd, na wimbo wake ulikuwa wa Kiarabu: Bitaqat Hub, yaani Kadi ya Mapenzi.

Kwa nini wao na si sisi? Mashindano yale ni ya vituo vya utangazaji vilivyo katika umoja wao, na eneo la umoja huo linavuka Mediterania mpaka Afrika Kaskazini. Sisi huku hatumo. Hata Australia iliingia 2015 kwa kualikwa tu. Na mwaka ule wa 1980 Israeli, iliyokuwa imeshinda mara mbili mfululizo, haikushiriki kwa kuwa tarehe iligongana na siku yao ya kuwakumbuka askari waliokufa. Morocco, nchi ya Kiarabu, ikaingia mwaka huohuo ambao Israeli haikuwepo.

Sasa matokeo. Nchi zilikuwa 19, Samira akawa wa 18. Kura zilipigwa na majopo ya waamuzi, si watu majumbani kama mnavyofanya sasa. Alipata alama 7, na zote 7 zilitoka Italia. Nchi nyingine 17 hazikumpa hata moja.

Juzi usiku nimeitazama rekodi yake kwenye simu, na hizo saba zimenitoa machozi. Unajua niliwahi kuimba taarabu. Wewe ulikuwa tumboni, miezi mitano, tulipoitwa harusini mji wa ugenini. Nikaimba beti ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyeinuka kunitunza. Ukumbi mzima umekaa. Kisha mama mmoja wa makamo akainuka kule nyuma, akaja taratibu katikati ya viti vyote vile, akanitia mkononi noti iliyokunjwa mara nne, bado ina joto la kifuani alikoitoa. Hakusema neno. Wimbo ule niliumaliza kwa ajili yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia Samira alishindwa, simkubalii. Aliimba Kiarabu mbele ya waamuzi ambao masikio yao hayakuzoea mikunjo ya sauti ile, akaimba mpaka mwisho kichwa juu. Baadaye akahamia Misri, akajulikana kama Samira Said, akawa mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa Kiarabu, na jina hilo limedumu miongo mingi. Kinachoniuma ni kwamba Morocco haikurudi tena. Mara moja tu, basi. Laiti wangempeleka mwingine mwaka uliofuata, na mwingine tena, mpaka masikio yazoee.

Wawekee wenzako rekodi hiyo, baba. Wimbo ukiisha usiizime. Waache wakae wasikilize kura, nchi moja baada ya nyingine, mpaka zamu ya Italia.

Mama yako,
Tanga