Kurudi mashindanoni baada ya miaka minane

Ndugu, umeuliza kuhusu 10to4, mbio za baiskeli za mlimani kule Mlima Kenya: kuziingia ukiwa na miaka 43, baada ya miaka minane bila mashindano, inawezekana, ila si mwezi ujao. Pumzi hurudi mapema; kano na magoti huchelewa, na hapo ndipo wengi huumia. Anza na msitu wa Karura, Nairobi, mwendo wa kuweza kuongea, ndipo upande vilima vya Ngong. Mbio zile hushuka kutoka futi 10,000 hadi 4,000, kwa hiyo fanyia mteremko mazoezi ya pekee: macho mbali, breki kabla ya kona. Helmeti ya zamani itupe, hata kama bado inang'aa. Fundi akague breki. Kifua kikibana, shuka, umwone daktari. Kwa umri wetu, bora upimwe moyo kwanza.