Nyumba ina jina la marehemu baba: mama anaweza kumwandikia kitindamimba?

Swali: Baba alifariki mwaka 2009 bila wosia, na mirathi haikufunguliwa. Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, bado ina jina lake. Mama ana miaka 78 na ameanza kusahau: asubuhi ananiita kwa jina langu, jioni ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Tumezaliwa watano, wa kiume wawili na wa kike watatu. Anayemuuguza ni mdogo wetu wa mwisho, wa kiume. Kaka anataka mama aweke dole gumba kwenye karatasi ya kumpa mdogo wetu nyumba, kabla hali haijazidi. Sisi ni Waislamu. Inafaa?

Jibu: Dada yangu, poleni kwa kuuguza. Karatasi hiyo msiiandike, na hata kama mama angekuwa mzima kabisa ningesema vivyo hivyo. Nyumba si yake peke yake. Ni mali ya mirathi, na haiwezi kuhamishwa mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi.

Ikiwa wazazi wa baba walishatangulia na mama ndiye mjane pekee, mafungu yenu ni mepesi kuhesabu. Mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Igaweni nyumba mafungu manane: mama moja, kila binti moja, kila mwana wa kiume mawili. Kama fedha za mama ziliingia kwenye ujenzi, lisemwe mapema, na ushahidi utafutwe sasa wakati bado anakumbuka fundi alikuwa nani.

Anzeni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi baba, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: muhtasari ule ni pendekezo tu, hakimu ndiye anayeteua. Na msimamizi hawi mmiliki. Ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, kisha hesabu, fomu namba 6, kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama.

Mdogo wenu anastahili kukumbukwa, nami naliona hilo kila wiki: anayeamka usiku kumgeuza mzazi ndiye asiye na karatasi yoyote. Njia halali zipo. Kila mrithi, akishajua fungu lake, anaweza kumwachia kwa hiari, na aliseme mbele ya hakimu. Mama naye anaweza kumpa thumni yake kwa hiba, yaani zawadi, mradi aikabidhi angali hai. Wosia hautamsaidia, kwa sababu mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie.

Kwa hiba hiyo, akili ya mama ndiyo kila kitu. Sheria ya Mikataba inakubali kwamba mtu ambaye akili humjia na kumwondoka anaweza kufanya makubaliano katika saa alizo timamu. Basi apelekwe hospitali ya Bombo, daktari amwone na aandike alichokiona, na hati iwekwe dole siku hiyohiyo, asubuhi. Asomewe polepole kwa lugha anayoielewa zaidi, kisha aeleze mwenyewe amesikia nini. Mimi ninaposimamia hati kama hizi, huwatoa watoto wote chumbani kabla ya kumuuliza mzazi. Bibi mmoja, mlango ulipofungwa, alinishika mkono, kidole kikiwa tayari na wino, akasema: “Mwanangu, mimi nataka chumba changu tu.” Hati ile hatukuimaliza.

Hati ya uwakilishi, ya kumruhusu mmoja wenu kumshughulikia mambo yake, inafaa leo, lakini msiiegemee: mama akipoteza akili au akifariki, nayo inakufa.

Kwenye kikao chenu, kabla hamjamtaja msimamizi, andikeni mama ataendelea kulala chumba gani, na kwamba nyumba ikiuzwa au ikigawanywa hataondolewa humo akiwa hai. Kila mmoja atie sahihi chini ya mstari huo.