Re: Nimechoka na chekechea, niache kazi?

Pole sana dada. Umesema uko peke yako na watoto 52, na jioni mwanao akikuita tu unamfokea, unauliza kama ni uvivu au umelogwa. Sio uvivu bana! Mimi nimefundisha chekechea miaka sita shule ya praiveti hapa Dar, mwaka wa nne ikafika mahali nikisikia kengele ya asubuhi tumbo linakata, mmoja kajinyea, mwingine kamng'ata mwenzie, huyu analilia mama yake, uji haujaja, halafu mkuu anachungulia dirishani kuuliza andalio la somo liko wapi. Sauti ikakauka wiki mbili nikawa naita watoto kwa kupiga makofi tu.

WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2019 walisema uchovu wa hivi unaletwa na kazi, hata hawauiti ugonjwa. Na mwongozo wa serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja watoto 25, we unabeba mara mbili, nani asichoke?

Kilichonisaidia ni kung'ang'ania msaidizi, hata dada wa kuwapeleka chooni tu. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa likizo siku 28 kwa mwaka na saa nzima ya kupumzika ukipiga kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, ila hiyo saa kwetu ndo unalisha watoto, kwahiyo mimi na mwenzangu tulipokezana nusu nusu. Usingizi ukigoma kabisa mwone daktari, usiishie kwenye Panadol. Huyo mkuu wako anaongeleka lakini?