Piranya wa Amazon: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yote yanamhusu piranya mwenye tumbo jekundu, samaki wa mito ya Amerika Kusini.

Swali: Ni kweli kundi lao humaliza ng'ombe kwa dakika chache?

Jibu: Mzoga huguguna, ila ng'ombe mzima avukaye mto kwa kawaida hafikwi na lolote. Sifa hiyo ilivuma baada ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, kuzuru Brazil mwaka 1913. Chakula chake cha kila siku ni samaki wadogo, mapezi anayowanyofoa wenzake, wadudu, hata mbegu. Hutembea kundi kwa kuwa naye huliwa: na mamba wa huko, pomboo wa mtoni, mnandi.

Swali: Meno yake yakiisha makali?

Jibu: Hubadilishwa, tena kwa namna ya pekee. Kila taya lina safu moja ya meno bapa ya pembetatu, kila jino limejifunga kwa jirani yake kama vigae vya paa. Kwa hiyo hayang'oki moja moja: meno ya nusu nzima ya taya hung'oka kwa mkupuo, na seti mpya iliyokwisha kukomaa ndani ya ufizi hupanda mahali pake, huku upande wa pili ukiendelea kukata. Nguvu yenyewe hutoka kwenye misuli minene ya taya. Mwaka 2012 watafiti walitangaza vipimo vya jamaa yake, piranya mweusi. Mmoja wa kilo 1 na kidogo aling'ata kwa niutoni 320, karibu mara 30 ya uzito wake.

Swali: Anatoa sauti?

Jibu: Ndiyo. Misuli hutetemesha kibofu cha hewa, akasikika kama anabweka. Akifukuzana na mwenzake husaga meno.

Swali: Mbona basi waogaji wanang'atwa?

Jibu: Mara nyingi ni kwenye mito iliyozibwa kwa bwawa. Maji yaliyotulia yenye majani ndiyo anayopenda kutagia, na anayekanyaga karibu na mayai hung'atwa mara moja, kisigino au kidole, basi.

Swali: Namtoaje kwenye ndoana?

Jibu: Hapa ndipo penye hatari ya kweli, ndani ya mtumbwi. Kwanza funga waya wa chuma kama sentimita 20 juu ya ndoana, maana mshipi wa nailoni ataukata. Mbane kwa mgongoni, nyuma tu ya vifuniko vya matamvua, kisha zungusha ndoana kwa koleo ndefu. Usimwachie chini miguu ikiwa peku. Akinyamaza usidhani amekufa: taya bado linafunga.

Swali: Analiwa?

Jibu: Sana. Kule Pantanal, eneo la vinamasi nchini Brazil, hupikwa supu, na huchujwa, kwa jinsi alivyo na miiba.