Maswali na Majibu: Maji Ndani ya Konea

Dokta, nikiamka naona ukungu, ikifika saa tano macho yanasafika. Mama naye alikuwa hivi. Ni mtoto wa jicho?

Mtoto wa jicho hachagui saa. Ukungu wa asubuhi unaopungua mchana hunifanya niishuku konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Seli za safu yake ya ndani hutoa maji mchana na usiku, kama pampu ya kisima. Ukilala umefumba macho, maji hayavukizwi, na pampu ikiwa dhaifu konea huamka imevimba. Ugonjwa wa Fuchs, unaodhoofisha seli hizo, huja hivyo, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Nenda kliniki mapema: kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Nilipimwa unene wa konea tu. Ndiko kupima maji?

Huko ni kuyakisia. Konea yenye afya ina maji karibu asilimia 78 ya uzito wake, na katikati unene wake ni kama nusu milimita. Ikinywa maji hunenepa, sawa. Lakini kuna mtu mwenye unene wa mikroni 500, yaani nusu milimita, na mwingine 600, wote macho yao hayana tatizo. Ukija kwangu mara ya kwanza na 600, nitajuaje kama ni uvimbe au ndivyo ulivyozaliwa?

Nasikia kuna mawimbi ya terahezi ya kupimia maji hayo. Hayaunguzi jicho?

Hapana, kwa nguvu ndogo inayotumika kupimia. Yako kati ya mikrowevu na infraredi, wala hayavunji molekuli kama eksirei. Maji huyaathiri mno, hivyo mwangwi unaorudi kutoka kwenye konea hubadilika kadiri maji yanavyobadilika.

Kipimo hicho kipo hospitali gani?

Bado kiko maabara. Mtafiti Zachary Taylor na wenzake, kwanza UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) kisha Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, wamekijaribu kwa sungura. Mwanzoni konea ilibanwa iwe bapa, na kubana huko kwenyewe huivuruga. Bila kugusa, miale lazima ifuate mviringo wa jicho. Fundo gumu zaidi, nionavyo, ni hili: mwangwi wa uso wa mbele huchanganyika na wa nyuma, unene na maji vikasomeka pamoja. Ndiyo maana hupimwa kwa masafa mengi ya mawimbi, kisha hesabu ivitenganishe.

Kwa sasa omba unene wako uandikwe kila unapokwenda, ikiwezekana asubuhi, na seli zihesabiwe.