Usichague Shule ya Urubani kwa Bei ya Saa

Swali linalotufikia huku mara kwa mara kutoka Nairobi ni moja: kijana amepata njia ya kuhamia nje, anataka urubani, je, aanzie Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, au asubiri afike? Na akishafika, ajifunzie wapi? Wengi wanaouliza huwa wameshalinganisha bei ya saa moja ya Cessna, ndege ndogo ya mafunzo, ya Nairobi na ya nje, wakaona tofauti, wakaridhika. Nitajibu bila kuzunguka. Bei ya saa itazame mwisho. Kwanza jiulize: ukimaliza utafanya kazi nchi gani, na una karatasi gani za kukuruhusu kuifanya?

Leseni hufuata usajili wa ndege. Ya KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, ni ya ndege zenye herufi za usajili 5Y, ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ni ya ndege za N, ya Uingereza ni ya ndege za G. Tangu Januari 2021 hata leseni ya Uingereza na ile ya Umoja wa Ulaya ni vitu viwili tofauti. Saa ulizoruka hubaki zako popote uendapo, lakini leseni yenyewe ni lazima igeuzwe, na hapo ndipo watu hulia. Mwenye CPL, leseni ya rubani wa biashara, ya Marekani akitaka ya Ulaya anakalia mitihani 13 ya nadharia, kila mmoja alama ya kupita ni 75, kana kwamba hajawahi kuingia darasani. Akirudi Kenya mambo ni mepesi zaidi, ila bado KCAA watataka uthibitisho kutoka mamlaka iliyotoa leseni, cheti cha afya kutoka kwa daktari wanayemtambua wao, mtihani wa sheria za anga na mtihani wa kuruka.

Wengi wanaelekea Marekani, kwa hiyo nianze huko. Kama unahamia na grini kadi, sina ubishi: jifunzie huko huko. Ndege ni nyingi, viwanja vidogo vimejaa kila kaunti, na karatasi za kazi unazo. Kama unaenda kwa viza ya M-1, ile ya mafunzo ya ufundi, elewa unachonunua. M-1 haikuruhusu kufanya kazi unaposoma. Ukimaliza, unaweza kuomba mafunzo ya kazini ya mwezi mmoja kwa kila miezi minne uliyosoma, na kwa jumla haizidi miezi sita. Sasa liweke hilo kando ya saa zinazohitajika. CPL ya FAA ni saa 250 ukipitia Part 61, njia isiyofungwa na mtaala maalumu, au 190 katika kozi ya Part 141, yenye mtaala ulioidhinishwa na FAA. Mashirika ya ndege yanataka cheti cha ATP, kile cha juu kabisa cha rubani, ambacho kwa kawaida ni saa 1,500. Pengo hilo la saa elfu moja na zaidi Wamarekani hulijaza kwa kufundisha wanafunzi wengine, wakilipwa. Wewe wa M-1 hutapata muda wa kulijaza. Anayekuambia "njoo usome, kazi utapata hapa hapa" anauza kozi.

M-1 ina kufuli jingine ambalo mawakala wa Nairobi hawalitaji. Kuhama shule kunaruhusiwa ndani ya miezi sita ya kwanza tu, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wako. Na huwezi kuigeuza kuwa F-1, viza ya masomo ya chuo, ukiwa ndani ya Marekani. Kwa hiyo shule ya kwanza unayoichagua ukiwa kwenu Umoja au Kitengela ndiyo utakayokufa nayo, na inabidi uichunguze kabla ya kulipa ada ya SEVIS, daftari la Marekani la wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 na kwenda kwenye mahojiano ubalozini Gigiri. Viza ya utalii usiijaribu kwa kozi ya leseni.

Kisha kuna TSA, idara ya Marekani ya usalama wa usafiri. Yeyote asiye raia wa Marekani, mwenye grini kadi akiwemo, ni lazima achunguzwe usalama kabla ya kuanza mafunzo ya leseni ya kwanza, ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, au ya injini mbili. Unaomba mtandaoni, unalipa dola 140, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri. Safari moja ya kuonja, ile ya nusu saa na mkufunzi, haihitaji hayo. Itumie. Katika nusu saa hiyo utaona kama vyombo vinafanya kazi, kama mikanda imechakaa, na kama mkufunzi anafundisha au anaangalia simu.

Nchi nyingine kwa ufupi. Uingereza ni ghali kwa sababu nne zinazojumlishana: VAT ya asilimia 20 juu ya saa ya ndege, ada za kutua, mafuta, na mawingu. Nenda huko kama unahamia kuishi, si kwa ajili ya kozi. Kanada wanataka saa 45 kwa PPL, leseni ya rubani binafsi, na 200 kwa CPL, na kozi ikizidi miezi sita unahitaji kibali cha masomo. Hewa ya baridi ni nzito na ndege hupaa vizuri mno, ila injini ni lazima ipashwe moto kabla ya kuwashwa, na siku za Januari ni fupi. Afrika Kusini Mkenya anaingia siku 90 bila viza tangu 2023, na wengine hudhani hiyo inatosha kwa kozi. Haitoshi, omba viza ya masomo. Lakini kwa anayepanga kurudi kufanya kazi Afrika Mashariki, nyanda za juu za Johannesburg zina faida ambayo Florida haina, nayo ni mwinuko.

Hili la mwinuko nilieleze vizuri, maana ndilo linalowatofautisha waliojifunzia Nairobi na wengine wote. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Vitabu vinasema joto la kawaida kwenye kimo hicho ni nyuzi 4. Saa nane mchana likiwa nyuzi 25, umezidi kwa 21, na kila nyuzi moja ya ziada huifanya hewa iwe nyepesi kana kwamba uwanja umepanda kama futi 120. Ndege inajiona iko futi 8,000. Injini ya kawaida isiyo na tabo ya kusukuma hewa ndani hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo Cessna 172 yenye nguvu za farasi 160 inapaa na kama 120. Ukiwa wawili na tangi limejaa, njia inaisha haraka na kupanda ni kwa kubembeleza.

Tazama sasa kitasa chekundu cha mchanganyiko, kinachopima mafuta yanayochanganywa na hewa. Florida, usawa wa bahari, mwanafunzi anafundishwa kukisukuma hadi ndani kabisa kabla ya kila kupaa. Akifanya hivyo Wilson, mafuta yanazidi hewa, injini inakohoa, plagi zinashika masizi, na nguvu kidogo iliyobaki inapungua tena. Wilson unaongeza nguvu ukiwa umesimama, unavuta kitasa polepole mpaka mizunguko ya injini ifike kilele, kisha unarudisha ndani kidogo. Mkono uliozoea Wilson nao una hatari yake ukienda pwani: ukipunguza mafuta vile vile kwenye usawa wa bahari kwa nguvu kamili, silinda zinachemka na mafuta yanaweza kulipuka vibaya ndani. Kutua pia kunabadilika. Kipimo cha mwendo kinasema noti 60, yaani maili 60 za baharini kwa saa, pote pale, lakini kwenye hewa ya futi 8,000 mwendo halisi ni karibu 68, na ndege inateleza mbali kabla ya kusimama. Ukihama, lipia saa mbili tatu na mkufunzi wa mahali hapo kwa ajili ya hili peke yake.

Wilson yenyewe basi? Kwa anayebaki Kenya ni shule nzuri na ngumu. Anga ni finyu, JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, uko jirani, na asubuhi Caravan, ndege za watalii wa Maasai Mara, zinapanga foleni mbele yako. Msongamano huo si mzaha: Machi 2024 Cessna ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, mkufunzi na mwanafunzi wake wakafariki. Foleni ina gharama ya pesa pia. Uliza shule inatoza kwa Hobbs au kwa takometa, vifaa viwili vya kuhesabu muda wa ndege. Hobbs kwa kawaida huhesabu tangu injini iwake. Takometa huhesabu kwa mizunguko, hivyo ukisubiri ruhusa ya mnara kwa nguvu ndogo inakwenda polepole. Dakika 15 za kusubiri kila somo, mara masomo 50, ni zaidi ya saa 12 ulizolipia bila gurudumu kuacha ardhi. Swali hilo hilo liulize Texas, liulize Kent.

Pesa sasa. Matangazo yanapiga hesabu ya saa 40, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha chini cha PPL ya FAA chini ya Part 61. Usipange saa 40. Panga 65. Tuseme ndege ni dola 180 kwa saa pamoja na mafuta: hizo ni 11,700. Mkufunzi dola 65, kwa saa 60 za angani na za mezani: 3,900. Umefika 15,600, zaidi ya milioni mbili za Kenya kwa dola ya shilingi 129, na bado hujalipa daktari, mtihani wa nadharia, vipokea sauti, wala mtahini, ambaye peke yake anaweza kutoza dola 800 au 1,000. Halafu kuna gari. Viwanja vingi vya mafunzo viko nje ya mji na matatu hakuna. Asiye na gari huruka mara moja kwa wiki, na anayeruka mara moja kwa wiki anarudia nusu ya somo lililopita. Mara tatu kwa wiki ndiyo kasi ya kuokoa pesa. Kama huna fedha za kwenda kwa kasi hiyo hadi mwisho, weka akiba kwanza, uanze mwaka ujao.

Usilipe kozi nzima mapema, hata punguzo liwe tamu namna gani. Shule hufilisika, na mwanafunzi huwa wa mwisho kwenye foleni ya wadai. Mwaka 2023 Uingereza shule mbili zinazojulikana zilifunga huku wanafunzi wakiwa katikati ya kozi. Lipa kwa vipande vya saa tano au kumi, na upate kwa maandishi sharti la kurudishiwa salio.

Shuleni uliza mambo ambayo tovuti haisemi. Ndege zinazoruka leo ni ngapi, si zinazomilikiwa? Fundi yupo uwanjani, au ndege ikipita saa 100 inapelekwa mji mwingine kukaguliwa na kukaa wiki mbili? Kumpata mtahini kunachukua muda gani? Sehemu nyingine za Marekani ni wiki nyingi, na kila wiki unayosubiri unalipia saa za kujiweka sawa. Mkufunzi wako ana saa ngapi? Akiwa na 1,400, ujue ataondoka kwenda shirika la ndege kabla hujamaliza, na mpya ataanza kwa kukupima upya. Ndege ikiharibika mikononi mwako, bima inakuacha ulipe kiasi gani? Zungumza na wanafunzi nje kwenye maegesho, mkufunzi asipokuwepo.

Sasa lile swali la aanzie Wilson au asubiri. Ikiwa imebaki miezi minne au chini kabla ya kusafiri, usianze kuruka. Kozi iliyokatika katikati husafiri vibaya: saa zitahesabiwa, lakini ruhusa ya kuruka peke yako haihami nawe. Ikiwa una mwaka na fedha, maliza PPL kabisa. Marekani wana utaratibu, kifungu 61.75, unaompa mwenye PPL ya kigeni cheti cha rubani binafsi bila mtihani mwingine, baada ya FAA kuthibitisha leseni yake na KCAA. Ombi hilo lianze miezi mitatu kabla. Kumbuka tu kwamba cheti hicho kinategemea leseni ya Kenya. Ya Kenya ikifutwa, nacho hakina kazi.

Kuna ya kufanya Nairobi hata kama hutaruka. Pima afya ya daraja la kwanza kabla ya kulipa mtu yeyote senti moja, hasa macho na rangi. Cheti cha KCAA hakitakupa cha FAA, lakini bora uligundue tatizo mapema, kabla ya kuuza shamba la mzee. Sawazisha majina: pasipoti ikisema matatu, cheti cha shule kisiseme mawili, na daftari la saa ulizoruka lifuate pasipoti.

Na daftari hilo, mdogo wangu, usiondoke nalo Wilson au kwingine kokote kabla kila ukurasa haujajumlishwa, ukatiwa saini na mkufunzi mkuu na kupigwa muhuri. Piga picha kurasa zote, chukua barua ya shule yenye jumla ya saa na namba za ndege ulizoruka, na omba KCAA uthibitisho ukiwa bado unaweza kufika ofisini kwao mwenyewe. Kuomba saini ukiwa Dallas, kutoka kwa shule ambayo huenda imefungwa, ni kazi isiyo na mwisho.